Picha za Tando za Seli: Tunachokiona ni Utando au ni Metali?

Tangu janga la Uviko-19 lilipoanza, picha za virusi na seli zilizokuzwa mara maelfu zimewafikia watu wengi ambao hapo awali hawakuwa na sababu ya kuzitazama, na pamoja nazo umeenea mkanganyiko wa aina mbili. Wapo wanaozichukulia picha hizo kama picha za kamera ya kawaida, wakiamini kwamba kila mstari na kila kivimbe kinachoonekana kilikuwamo katika kiumbe hai jinsi kilivyo. Wapo pia waliosikia kwamba sampuli hulowekwa katika metali nzito zenye sumu, hukaushwa, kisha hukatwa vipande kabla ya kupigwa picha, nao wakahitimisha kwamba tunachoonyeshwa kimetengenezwa maabara tu. Kila upande umeshika kipande cha ukweli. Mahali pazuri pa kulifumbua fumbo hili ni utando wa seli, kwa sababu ni mwembamba na mlaini kiasi kwamba kila kemikali inayoutayarisha kwa picha huacha alama yake juu yake.

Utando wa seli ni tabaka jembamba linaloizunguka seli na kuamua kipi kiingie na kipi kitoke. Ndani ya seli za wanyama, mimea na kuvu zimo tando nyingine nyingi, zikiwamo zile zinazozunguka kiini na mitokondria, yaani vinu vya nishati vya seli. Kwa sehemu kubwa tando hizi zimeundwa kwa molekuli za mafuta ziitwazo fosfolipidi, ambazo kila moja ina kichwa chenye fosfati kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Zikiwa majini, molekuli hizi hujipanga zenyewe katika safu mbili, mikia ikiwa imefichwa katikati na vichwa vikielekea nje pande zote mbili. Unene wa safu hizo mbili kwa pamoja ni kati ya nanomita 4 na 5, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Humo zimepachikwa protini, ambazo baadhi hupenya kutoka upande mmoja hadi wa pili.

Hadubini ya kawaida inayotumia mwanga haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana kwa chini ya nanomita 200 hivi, kwa hiyo haiwezi kuonyesha safu hizo mbili. Hadubini ya elektroni, iliyoundwa Berlin mwaka 1931 na Max Knoll na Ernst Ruska, ina uwezo mkubwa zaidi wa kutenganisha, na Ruska alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1986 kwa kazi hiyo. Hata hivyo, uwezo wa mashine peke yake hautoshi. Elektroni husafiri vizuri katika ombwe tu, yaani mahali pasipo na hewa, na ndani ya ombwe maji ya seli huchemka na kutoweka. Kwa hiyo sampuli ya kawaida lazima iondolewe maji kwanza. Tatizo la pili ni kwamba elektroni hutawanywa kwa nguvu na atomi nzito, ilhali seli imejengwa kwa atomi nyepesi: haidrojeni yenye namba atomia (idadi ya protoni katika atomi) 1, kaboni yenye 6, naitrojeni yenye 7 na oksijeni yenye 8. Plastiki inayotumika kuishikilia sampuli nayo imejengwa kwa atomi hizo hizo. Mwale wa elektroni ukipita katika utando uliozungukwa na plastiki, hauna sababu kubwa ya kutofautisha kimoja na kingine, na picha hutoka ya kijivu kila mahali.

Hapo ndipo metali nzito zinapoingia. Osmiamu ina namba atomia 76, risasi 82 na urani 92, na popote zinaposhika huzitawanya elektroni hata mahali hapo pakaonekana peusi. Fikiria uzi wa buibui ambao hauonekani mchana, lakini alfajiri unameremeta kwa matone ya umande. Unachokiona ni umande, na kutokana na mpangilio wa matone unaujua mkondo wa uzi. Matone hayaenei sawasawa, hukaa zaidi pale yanapopata pa kushika, na uzito wake huuinamisha uzi uliokuwa umenyooka. Karibu kila tutakalolieleza kuhusu rangi za hadubini ya elektroni limo katika mambo hayo matatu: tunaona metali, metali huchagua mahali pa kukaa, na metali hukibadilisha kile kinachoishikilia.

Nimetumia neno rangi nikimaanisha metali hizo, lakini rangi ya kweli haipo hapo. Picha ya hadubini ya elektroni hutoka nyeusi, nyeupe na kijivu, na ule wekundu au ubuluu wa picha za magazetini huongezwa baadaye kwa kompyuta ili kumsaidia mtazamaji. Hilo halina hila yoyote mradi lisemwe.

Njia ya kawaida ya kuandaa tishu huanza kwa kuikaza, yaani kutumia kemikali zinazozifunga molekuli zake pamoja ili zisisogee wala kuoza. Tangu mwaka 1963 kemikali inayotangulia kwa kawaida ni glutaraldehidi, ambayo hufunga protini kwa protini. Ni kazi nzuri, ila ina mapungufu mawili yanayohusu utando moja kwa moja. Kwanza, kemikali hii haishiki lipidi (yaani mafuta) nyingi, kwa hiyo hata baada ya protini kukazwa, mafuta ya utando yanaweza kuendelea kutiririka, kuvimba na kujikunja. Pili, kupenya na kufunga kwake huchukua sekunde nyingi au dakika, wakati ambapo matukio ya utando, kama vile kifuko kidogo kuungana na utando wa seli ya neva na kumwaga kilichomo, hukamilika katika milisekunde chache. Seli haifi ghafla ikiwa imetulia. Hupata muda wa kuhangaika, na mahangaiko hayo ndiyo yanayokazwa.

Baada ya hapo huja osmiamu tetroksidi, ambayo huzuia lipidi zisitoke na papo hapo huzipa weusi. Ni kemikali hatari; mvuke wake ukilifikia jicho huikaza konea, tabaka angavu la mbele ya jicho, kwa namna ile ile unavyoikaza tishu. Kisha maji huondolewa kwa alkoholi au asetoni, sampuli humwagiwa plastiki laini inayoachwa igande, hukatwa vipande vyenye unene wa nanomita 50 hadi 80 hivi, na vipande hivyo hupakwa asetati ya uranili na sitrati ya risasi, yaani chumvi za urani na risasi. Alkoholi na asetoni huyeyusha mafuta. Lipidi zote ambazo osmiamu haikuzishika ziko hatarini kuoshwa na kuondoka, na zinazoshikwa vizuri zaidi ni zile zenye mikia ambamo baadhi ya atomi za kaboni zimeshikana kwa vifungo viwili, kwa kuwa hapo ndipo osmiamu hujiambatisha. Lipidi ambazo mikia yake haina vifungo hivyo hushikwa kwa udhaifu. Maana yake ni kwamba tando mbili zenye mchanganyiko tofauti wa mafuta hazipotezi kiasi sawa cha mafuta, na mtu anayelinganisha weusi wa moja na wa nyingine anaweza kuwa analinganisha kemia ya mikia akidhani analinganisha unene.

Hapa pana fumbo ambalo mimi naliona kuwa tamu kuliko yote katika mada hii. Utando uliokazwa kwa osmiamu, ukikatwa kwa wima, huonekana kama reli: mstari mweusi, mstari mweupe, mstari mweusi. Lakini kama osmiamu hujiambatisha kwenye vifungo vya mikia, na mikia iko katikati, basi katikati ndiko kulikostahili kuwa kweusi. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba osmiamu tetroksidi, ambayo huyeyuka katika mafuta, huingia kwenye mikia na kufanya kazi yake humo, lakini mazao yake, ambayo hupenda maji zaidi, husogea na kutuama karibu na vichwa. Kwa maneno mengine, weusi hauonyeshi mahali mmenyuko ulipoanzia bali mahali metali ilipoishia.

Fumbo hilo lilikuwa na matokeo makubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950, J. David Robertson alitumia hasa pamanganeti ya potasiamu, kemikali nyingine ya kukaza, na akaona mistari hiyo mitatu karibu kila utando alioutazama, ikiwa na jumla ya nanomita 7.5 hivi. Alipendekeza kwamba tando zote za uhai zina mpango mmoja: safu mbili za mafuta katikati na protini zilizotandazwa juu na chini. Hilo liliafikiana na wazo la Hugh Davson na James Danielli la mwaka 1935, kwa hiyo mistari miwili myeusi ilisomwa kama tabaka za protini. Kumbe pamanganeti huharibu protini nyingi. Ribosomu, yaani viwanda vya protini ambavyo hujaa katika seli, havionekani kabisa katika sampuli zilizokazwa nayo, na seli hubaki ikionekana kana kwamba ni tando tupu. Kemikali iliyofuta tofauti kati ya tando ilitumika kuthibitisha kwamba tando hazina tofauti. Osmiamu nayo haikuwa shahidi safi, kwa kuwa ikiachwa muda mrefu huvunjavunja protini na kuharibu mikunjo yake.

Robertson hakukosea yote. Safu mbili za mafuta zipo kweli. Kilichoanguka ni zile protini zilizotandazwa, na kilichoziangusha ni mbinu isiyotegemea weusi wa metali ndani ya utando. Katika mbinu hiyo sampuli hugandishwa, hupasuliwa ikiwa ngumu, kisha sura ya mpasuko hufunikwa kwa filamu nyembamba ya platini na kaboni, na filamu hiyo ndiyo inayotazamwa. Mwaka 1966 Daniel Branton alionyesha kwamba mpasuko hupita katikati ya utando, ukitenganisha safu moja ya mafuta na nyingine. Katika nyuso hizo za ndani vilionekana vijipunje vingi, na vijipunje hivyo vilikuja kutambuliwa kuwa ni protini zilizozama ndani ya mafuta. Mwaka 1972 S. Jonathan Singer na Garth Nicolson waliunganisha ushahidi huo na mwingine katika picha tunayoitumia hadi leo, ya mafuta yanayotiririka yakiwa na protini zinazoelea ndani yake.

Mfano mwingine ni mkali zaidi, kwa sababu safari hii kitu kizima kilizuliwa. Kuanzia miaka ya 1950, picha za bakteria zilionyesha mikunjo ya utando iliyojipinda kuelekea ndani, ikapewa jina la mesosomu. Watafiti waliitafutia kazi: wengine walisema inasaidia kugawa DNA wakati seli inapogawanyika, wengine kwamba inajenga ukuta wa seli, wengine kwamba ni mahali pa upumuaji wa seli. Katika miaka ya 1970 bakteria waligandishwa haraka bila kukazwa kwa kemikali kwanza, na mikunjo ile ikatoweka au ikabaki midogo na michache. Ilidhihirika kwamba mesosomu hutokea wakati kemikali za kukaza zinapoushambulia utando wa bakteria ambaye bado yu hai. Vitabu vingi vya shule viliendelea kuichora kwa miaka mingi baadaye. Jambo ambalo halisemwi mara kwa mara ni kwamba mikunjo inayofanana nayo imeonekana pia katika bakteria waliopigwa na baadhi ya dawa zinazoharibu utando. Kwa hiyo picha zile hazikuwa ndoto. Zilikuwa rekodi halisi ya utando uliojeruhiwa, na kosa lilikuwa kudhani kwamba ni utando mzima.

Mpaka hapa tumezungumzia tishu zilizokatwa. Kwa vitu vidogo kama virusi, vifuko vya lipidi na chembe za mafuta zinazobebwa katika damu, hutumika njia ya haraka zaidi iliyopata umaarufu kupitia kazi ya Sydney Brenner na Robert Horne ya mwaka 1959. Sampuli huwekwa juu ya filamu ya kaboni, huongezwa tone la chumvi ya metali nzito, kimiminika kinachozidi hufyonzwa, na kilichobaki huachwa kikauke. Metali hukizunguka kitu bila kukipaka ndani, nacho huonekana cheupe katikati ya weusi. Kazi hii huisha katika dakika chache, na hiyo ndiyo sababu maabara zinaipenda.

Utando hauipendi kiasi hicho. Kukauka peke yake kunatosha kuuporomosha. Vifuko vidogo ambavyo seli huvitoa nje, vyenye kipenyo cha nanomita 30 hadi 150, vilielezwa kwa muda mrefu kuwa vina umbo la kikombe, hata umbo hilo likawa kana kwamba ni kitambulisho chake. Vikigandishwa haraka vikiwa ndani ya maji yake, huonekana mviringo. Kikombe kilitokana na kifuko kunywea baada ya kupoteza maji. Bado nakutana na maandishi yanayotumia umbo la kikombe kama uthibitisho kwamba sampuli ni safi, na kwa maoni yangu hilo lilipaswa kukoma zamani.

Zaidi ya kukauka ipo kemia. Asetati ya uranili ina asidi, pH yake (kipimo cha uasidi, ambapo 7 si asidi wala besi) ikiwa karibu na 4, na ioni zake, yaani chembe zake zenye chaji, hushika kwa nguvu fosfati zilizo katika vichwa vya lipidi, zikivikaza na kubadili jinsi mikia ilivyopangana. Kwa sababu hiyo hiyo ya kupenda fosfati, chumvi hii hutoa mashapo ikichanganywa na myeyusho wenye fosfati, na mashapo hayo yanaweza kudhaniwa kuwa sehemu ya sampuli. Chumvi ya asidi ya fosfotungsteni hutumika karibu na pH 7, kwa hiyo mtu angeweza kudhani kwamba ni mpole zaidi. Lakini ioni zake zina chaji hasi, na kolini, kundi la atomi lililo katika vichwa vya baadhi ya lipidi, ina chaji chanya. Chembe bapa za lipidi na protini zikitiwa chumvi hiyo huweza kubebana moja juu ya nyingine na kuunda misururu mirefu ambayo haikuwamo katika myeyusho. Misururu hiyo ilionekana katika picha nyingi za chembe zinazobeba kolesteroli katika damu kabla haijaeleweka kwamba rangi yenyewe ndiyo iliyozipanga. Molibdati ya amonia nayo hutumika kwa sampuli za mafuta, ingawa weusi wake ni hafifu zaidi kwa kuwa molibdeni, yenye namba atomia 42, ni nyepesi kuliko tungsteni au urani.

Msomaji aliyefika hapa anaweza kuvutwa na upande wa pili wa mkanganyiko na kusema kwamba basi utando wenyewe labda ni uzushi. Jibu ni kwamba safu mbili za mafuta zilijulikana kabla hadubini ya elektroni haijaundwa. Mwaka 1925 Evert Gorter na François Grendel walitoa mafuta ya chembe nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji yawe safu moja, wakapata eneo lililokuwa mara mbili ya uso wa chembe zenyewe. Hata wao walikuwa na makosa mawili: hawakuyatoa mafuta yote, na walikadiria uso wa chembe kuwa mdogo kuliko ulivyo. Makosa hayo yalifutana. Baadaye, mwaka 1971, Maurice Wilkins na wenzake walipima jinsi mawimbi ya eksirei yalivyotawanywa yalipopita katika tando na kuona tena safu mbili, bila metali, bila alkoholi na bila plastiki. Mbinu ambazo udhaifu wake haufanani zilitoa jibu moja, na jibu la namna hiyo ni gumu kulitupa. Mesosomu ilianguka kwa sababu haikuwa na shahidi wa pili.

Shahidi mwenye nguvu zaidi leo ni ugandishaji wa kasi uliobuniwa na kundi la Jacques Dubochet mwanzoni mwa miaka ya 1980. Filamu nyembamba ya maji yenye sampuli hutumbukizwa ghafla katika ethani ya kimiminika yenye baridi ya karibu nyuzi 180 chini ya sifuri, na maji huganda kabla hayajapata nafasi ya kuunda fuwele, yakawa kama kioo. Dubochet, Joachim Frank na Richard Henderson walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2017 kwa kazi iliyoifikisha njia hii ilipo. Vifuko vya lipidi vilivyogandishwa hivyo, bila tone la metali, bado huonyesha mistari miwili myeusi. Safari hii weusi hutokana na vichwa vyenyewe, kwa sababu fosfati ina elektroni nyingi kuliko mikia, na umbali kati ya mistari hulingana na umbali kati ya vichwa. Reli ya Robertson ipo, ila upana wake na maana ya rangi yake si vile alivyodhani.

Njia hii pia ina kasoro zake. Kifuko kikubwa kuliko unene wa filamu hubanwa kikawa bapa, karatasi inayofyonza maji ya ziada huweza kuvivuta vifuko, na protini hukimbilia mpaka wa maji na hewa na kuharibika huko. Weusi ni hafifu mno, na mwale wa elektroni huiunguza sampuli isiyo na metali haraka, hivyo picha hupigwa kwa elektroni chache na hujaa chengachenga. Vipande vinene vya tishu haviwezi kugandishwa kwa kutumbukizwa tu. Huhitaji shinikizo la takriban bari 2,000, yaani mara 2,000 hivi ya lile la hewa, na hata hapo unene unaoganda vizuri hauzidi sana sehemu ya tano ya milimita.

Kwa hiyo metali nzito hazijastaafu. Madaktari wa figo bado huzitegemea kuona kama vijimguu vya seli zinazochuja damu vimesawazika, dalili ya baadhi ya magonjwa ambayo hadubini ya mwanga huikosa. Ramani ya ubongo mzima wa nzi wa matunda iliyochapishwa mwaka 2024, yenye takriban seli za neva 139,000, ilitokana na vipande vilivyotiwa metali nzito, kwa sababu bila mistari myeusi ya tando hakuna awezaye kuifuata neva moja katikati ya nyingine zilizoshonana nayo. Katika kazi hiyo swali ni neva ipi imegusana na ipi, na rangi hulijibu vizuri. Swali la upana wa nafasi iliyo kati ya neva ni jingine kabisa: katika ubongo hai wa wanyama wenye uti wa mgongo, nafasi hiyo huchukua karibu asilimia 20 ya ujazo wote, lakini tishu iliyokazwa kwa kemikali hupoteza sehemu kubwa yake kwa kuwa seli huvimba, na anayetaka kuipima hulazimika kurudi kwenye tishu iliyogandishwa.